Pumzi Tatu Zafaa, Lakini Si Badala ya Siku ya Mapumziko



Twaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelicheka. Majuzi wafanya kazi kadha wa hapa Nakuru waliitwa katika ukumbi mmoja wafundishwe jinsi ya kukaa kimya na kuangalia pumzi zao. Mwalimu alikuwa kijana mwenye adabu. Alituambia tuweke miguu chini, mikono juu ya magoti, tufumbe macho, tusikilize hewa ikiingia na kutoka. Baada ya dakika mbili mzee mmoja wa gengi alianza kukoroma. Ukumbi mzima ulicheka, na mwalimu naye akacheka. Lakini tulipotoka nje mzee yule alisema neno ambalo halikutuchekesha. Alisema kwamba hakulala usiku ule, wala usiku uliotangulia, kwa sababu ya karo ya mtoto na deni la simu. Mwili wake ulipopewa dakika mbili za kimya uliona afadhali ulale.

Hapo ndipo tulipoanza kufikiri. Je, somo lile ni upuuzi wa watu wenye nafasi, au ni chombo ambacho mfanya kazi aweza kukitumia? Na kama ni chombo, ni nani atakayeshika mpini? Tumezungumza sana juu ya jambo hili, kazini na katika landi, na haya ndiyo mawazo yetu. Asiyekubaliana nasi na aandike, karatasi ipo.

Tuanze na ule uchovu wenyewe. Mwaka 1974 daktari mmoja wa New York, jina lake Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliofanya kazi pamoja naye katika zahanati ya bure. Walianza kazi kwa moyo mkubwa, kisha moyo ule ukaisha kabisa. Sisi wa reli twaweza kuuelewa mfano wa boila la zile injini za zamani: ukichochea moto mchana na usiku bila kuongeza maji, boila haliombi ruhusa, laharibika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipopitisha kitabu chake kipya cha kuorodhesha magonjwa, liliitia hali hiyo ndani ya kitabu, lakini halikuiita ugonjwa. Liliiita jambo la kazini, linalotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukusimamiwa vizuri. Likataja dalili tatu: mtu huishiwa na nguvu, tena moyo wake hujitenga na kazi mpaka akaidharau, tena ile kazi aliyoiweza zamani sasa haiwezi vizuri.

Angalieni sana maneno hayo, ndugu. Jambo la kazini. Hawakusema jambo la uvivu, wala jambo la pombe, wala la kurogwa. Hapa kwetu mtu akianza kunyamaza, akachelewa, akawajibu wenzake kwa ukali, husemwa ana kiburi au kuna mwanamke mahali. Huenda ni kweli mara moja moja. Lakini mara nyingi mtu huyo amechoka mahali ambapo usingizi wa usiku mmoja haufiki.

Kazi yetu ina namna yake ya kuchosha akili. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Hapa petu njia yagawanyika: mkono mmoja wapanda Njoro na Molo mpaka Mau Summit, kisha washuka kwenda ziwani, mkono mwingine wapita Rongai wapanda mpaka Timboroa, juu ya futi 9,000, kwenda Uganda. Ni njia moja tu, treni zasubiriana. Mteremko ni mkali, ukungu ni mwingi, na usiku wa Timboroa huingia katika mifupa hata ukivaa makoti mawili. Mtu wa jembe akichoka, jembe humwambia. Mikono huuma naye hukaa chini. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kungoja, kusikiliza, kuangalia taa na kukumbuka kama njia i wazi, yeye huchoka asijue. Uchovu wake hauonekani hata siku atakapokosea.

Na tutaje kisa kimoja. Mwenzetu mmoja, miaka kadha iliyopita, katika stesheni ambayo hatutaitaja, alitumwa usiku kugeuza pointi. (Kwa wale wasio wa reli: ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, na ulimi wa chuma huvutwa upande huu au upande ule.) Ni kazi aliyoifanya mara elfu. Alikwenda, akarudi, akaweka taa mezani. Kisha akasimama katikati ya chumba, hakumbuki. Hakumbuki kama ameuvuta mkono wa pointi au amesimama tu karibu nao akiwaza juu ya mtoto wake aliyekuwa amelazwa hospitali. Akachukua taa tena, akatembea hatua kama mia mbili, akatazama. Hakuwa ameuvuta. Treni ilikuwa bado mbali. Aliuvuta, akarudi, treni ikapita salama, na hakuna kitabu chochote kilichoandikwa neno. Lakini mikono yake ilitetemeka mpaka kulipokucha, naye hakumwambia mtu hata mmoja mpaka siku ile ya mzee kukoroma. Tulimwuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu: “Ningemwambia nani?”

Jibu hilo tutalirudia baadaye. Kwanza tueleze somo lenyewe, maana wengine wamelisikia kwa mbali wakadhani ni dini.

Somo hili la kutuliza akili na kuwapo pale ulipo lina asili ya kale sana katika nchi za Asia, hasa kwa wafuasi wa Buddha, ambao hukaa kimya na kuangalia pumzi. Mwaka 1979 mwalimu mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alilipeleka katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts. Aliwafundisha wagonjwa ambao maumivu yao hayakuponywa na dawa, kwa muda wa wiki nane. Hakuwafundisha sala wala sanamu. Aliwafundisha kuangalia pumzi, mwili na mawazo jinsi yalivyo, bila kuyakimbia na bila kuyapiga vita. Baadaye madaktari wengi walilipima, wakaona kwamba huwasaidia watu wengi kupunguza wasiwasi na huzuni, ingawa si wote, na si kwa kiasi cha miujiza.

Basi ndugu Mkristo hana haja ya kuogopa, na ndugu Mwislamu kadhalika. Tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa kila asubuhi kufumba macho na kunyamaza kabla ya masomo, na ni kweli wengine walitumia nafasi hiyo kula mandazi ya jirani. Lakini kimya kile kilikuwa na faida yake. Na wenzetu Waislamu hukatiza siku mara tano, huweka kazi chini, huosha mikono na uso, husimama mahali pamoja. Hatusemi kwamba sala na somo hili ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba mtu kuikatiza mbio ya akili yake si jambo geni lililoletwa na ndege.

Jinsi ya kufanya ni hivi. Kabla ya kuanza zamu, simama au kaa mahali pa salama. Twasema pa salama kwa sababu yupo mmoja wetu aliyefikiri ni vizuri kujaribu akiwa amesimama kati ya reli. Usifanye hivyo kamwe, wala usifumbe macho penye mabehewa yanayosukumwa. Sikia nyayo zako zinavyogusa chini. Vuta hewa kwa pua, polepole, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Moyo wa mtu una tabia hiyo: hewa ikiingia huenda mbio kidogo, hewa ikitoka hupunguza mwendo, kwa hiyo ukirefusha kutoa pumzi waupa moyo nafasi ya kushusha kasi. Fanya hivyo kwa dakika tatu. Akili itakimbia, hapana shaka. Itakwenda kwa karo, itakwenda kwa deni, itakwenda kwa maneno aliyokuambia msimamizi jana. Usiigombeze. Ipe fikira hiyo jina lake, “karo”, au “deni”, kisha rudi kwenye pumzi. Itakimbia tena, nawe utarudi tena. Kurudi huko ndiko somo lenyewe. Yule anayedhani ameshindwa kwa sababu akili yake imekimbia mara ishirini, amefanya zoezi mara ishirini.

Tumelijaribu kwa wiki sita, baadhi yetu. Mmoja aliacha siku ya tatu, akasema afadhali kusoma gazeti. Wengine wameona tofauti ndogo lakini ya kweli: hasira hutangulia kuonekana kabla haijafika mdomoni, na mtu hupata nafasi ya kuimeza. Mke wa mmoja wetu ndiye aliyetoa ushahidi mzuri kuliko sote, alisema bwana wake siku hizi husikia akiulizwa jambo mara ya kwanza.

Katika kazi ya reli kuna namna nyingine ya kuishika akili, nayo si ya kufumba macho bali ya kuyafumbua. Wafanya kazi wa reli wa Japani, tangu mwanzo wa karne iliyopita, wana desturi ya kunyosha kidole na kusema kwa sauti. Dereva akiona taa ya kijani huinyoshea kidole na kutamka kwamba ni kijani. Akitazama kipimo cha mwendo hukinyoshea kidole na kutaja kasi. Mgeni akiwaona atadhani wana wazimu. Lakini katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo ilipima watu wakifanya kazi nyepesi, ikaona kwamba wale wasiofanya lolote walikosea mara 2.38 katika kila vitendo 100, na wale walionyosha kidole na kutamka walikosea mara 0.38 tu. Huko New York, tangu mwaka 1996, makondakta wa treni za chini ya ardhi huamriwa kunyoshea kidole kibao chenye mistari katikati ya jukwaa kabla ya kufungua milango.

Kama mwenzetu yule angalinyosha kidole usiku ule na kusema kwa sauti “Pointi imegeuzwa, imefungwa,” asingalirudi na taa kuuliza giza. Jambo hili halihitaji pesa. Halihitaji hata mwalimu kutoka Nairobi. Twaomba kila mmoja alijaribu wiki hii: aseme kwa sauti anachokifanya wakati anapokifanya, hata kama vijana watamcheka.

Lakini Japani hiyo hiyo yatufundisha na jambo la pili, nalo ni zito, ndilo hasa lililotufanya tuandike. Tarehe 25 Aprili 2005, katika mji wa Amagasaki, treni ya abiria iliacha reli penye kona, ikaligonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, pamoja na dereva mwenyewe, kijana wa miaka 23. Zaidi ya watu 500 waliumia. Kona ile iliruhusu kilomita 70 kwa saa, naye aliingia kwa zaidi ya 110. Kwa nini? Stesheni iliyotangulia alipita mahali pa kusimama, ikambidi arudi nyuma, akachelewa kwa muda usiofika dakika mbili. Katika kampuni ile dereva aliyechelewa aliondolewa kwenye treni, akapelekwa kwenye kile walichokiita mafunzo, ambayo kwa kweli yalikuwa ni kuandika maungamo, kukemewa na kudhalilishwa mbele ya wenzake siku nyingi. Kijana yule alikuwa amewahi kupitishwa huko. Wachunguzi walisema kwamba inaelekea akili yake ilikuwa kwenye redio, akisikiliza kondakta anavyoripoti kosa lake, badala ya kuwa kwenye breki.

Fikirini, ndugu. Huyu alikuwa mtu wa nchi ya kunyosha vidole. Alifundishwa kuangalia kuliko sisi. Vidole vilikuwapo, na sauti ilikuwapo. Kilichoondoa akili yake pale ni hofu ya mkubwa wake. Hakuna pumzi tatu, wala pumzi mia tatu, zitakazomtuliza mtu ambaye kosa la sekunde tisini litamletea aibu ya wiki nzima. Ndiyo maana lile jibu la mwenzetu, “Ningemwambia nani?”, latutia wasiwasi kuliko kosa lenyewe. Mahali ambapo mtu hawezi kusema “Nilisahau” bila kuogopa mkate wake, makosa hayapungui. Yanafichwa mpaka siku ya maiti.

Sasa tuje kwenye mpini. Kuna desturi inayoenea katika kazi nyingi duniani, na hatumsemi mwajiri yeyote kwa jina, ya kuwaletea wafanya kazi mwalimu wa utulivu wakati ule ule watu wanapopunguzwa na zamu zinaporefushwa. Mtu ashika kazi ya watu wawili, kisha aambiwa kwamba shida iko katika namna anavyovuta pumzi. Mwaka 2024 mtaalamu wa chuo kikuu cha Oxford, William Fleming, alichapisha uchunguzi wa wafanya kazi 46,336 wa Uingereza katika kampuni na idara 233. Aliwalinganisha waliopata mafunzo ya utulivu, programu za simu na mambo kama hayo, na wenzao ambao hawakupata. Kwa jumla hakuona kwamba waliopata walikuwa na hali bora kuliko wengine. Twakiri kwamba neno hilo lilitukata maini kidogo, maana sisi wenyewe tumeona faida. Lakini tukilitafakari latupasa kukubali. Zoezi laweza kumfaa mtu aliyelichagua mwenyewe, akalifanya kwa muda, akiwa na nafasi ya kulala. Likigawiwa kama aspirini mlangoni, kazi ikibaki ile ile, halibadilishi kitu.

Na saa za kazi zina hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi inayozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo inayozidi kwa asilimia 17, kuliko afanyaye saa 35 mpaka 40. Katika mwaka 2016 peke yake walihesabu vifo 745,000 vilivyoletwa na saa nyingi za kazi. Mwezi wa Septemba 2022 Shirika la Afya likatoa mashauri juu ya akili na kazi. Mafunzo ya kumsaidia mtu mmoja mmoja yamo, lakini pamoja nayo likashauri kazi yenyewe ipangwe upya, na wasimamizi wafundishwe jinsi ya kumwangalia mtu aliyelemewa. Wasimamizi wafundishwe! Katika ukumbi wetu siku ile hatukuona msimamizi hata mmoja amefumba macho.

Lakini tusitupe lawama zote upande mmoja, maana chama si kanisa la kusifu wanachama wake. Sehemu ya mzigo huu twajitwisha wenyewe. Mtu hukopa kwa simu usiku ili alipe mkopo wa simu wa juzi, kisha siku yake ya mapumziko ikifika huiuza, huomba afanye kazi ya mwingine apate ovataimu. Tumefanya hivyo, hatujifichi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yampa kila mfanya kazi siku moja ya kupumzika, kwa uchache, katika kila siku saba. Kifungu cha 28 champa siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12. Hayo hayakushuka kama mvua. Mwaka 1919 mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulikubaliana juu ya saa nane kwa siku katika viwanda, na mwaka 1921 juu ya siku ya mapumziko kila wiki, baada ya wafanya kazi wa nchi nyingi kugoma na kufungwa. Watu wa reli wa Kenya nao waligoma mwaka 1959, wakati ambapo kugoma hakukuwa mchezo. Mtu auzapo siku yake ya mapumziko auza kitu ambacho hakukinunua yeye peke yake. Hata hivyo hatuwezi kumkemea baba mwenye watoto wanne waliofukuzwa shule. Lazima chama cha akiba na mikopo kiwe na njia ya karo yenye riba ndogo, ili mtu asikimbilie simu saa nane za usiku. Hilo nalo ni dawa ya wasiwasi, na huenda lashinda pumzi.

Kuna onyo moja ambalo mwalimu wa ukumbini hakulitoa, nasi twalitoa. Wapo kati yetu waliopitia Januari 2008 hapa Nakuru na kule Naivasha. Wengine walikuwa vijana wa shule wakati ule. Waliona nyumba zikiungua, walilala katika uwanja wa maonyesho, wakapoteza watu. Mtu wa namna hii akifumba macho na kukaa kimya, huenda kinachokuja si utulivu bali ni moshi ule. Mmoja wetu alitoka ukumbini siku ile akatapika nyuma ya choo. Hakuna haja ya kumlazimisha. Na afumbue macho, atazame kitu, Menengai ule pale, atembee na kuhesabu hatua zake. Na kama usiku wake umekuwa mgumu siku nyingi, aende kwa daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo. Msaada wa jirani kwenye kochi hautoshi hapo.

Tena mwenye kufikiri kujiua asikae na fikira hiyo peke yake kwa kuogopa polisi. Zamani kifungu cha 226 cha sheria ya makosa kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na wengi walinyamaza kwa sababu hiyo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mwambie mwenzako, mwambie katibu wa tawi, mwambie padre au shehe, kisha mfuatane hospitali. Anayeambiwa naye asihubiri. Asikilize, aketi naye, asimwache peke yake usiku ule.

Sasa twaleta maombi yetu kwa tawi, yajadiliwe katika mkutano ujao. Twaomba kwanza jambo la uchovu liingizwe katika kamati ya usalama na afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yadai kamati hiyo penye wafanya kazi 20 au zaidi, na wafanya kazi wana wajumbe wao ndani yake. Mpaka sasa katika kamati za namna hii hupenda kuzungumzwa helmeti na buti. Helmeti ni nzuri, lakini haizuii mtu kusahau pointi. Twaomba pia orodha ya zamu ibandikwe mapema, ili mtu ajue atalala lini, na saa kati ya zamu na zamu zihesabiwe kutoka mlango wa nyumba, si kutoka mlango wa stesheni. Tena twaomba kiwepo kitabu cha makosa yaliyokaribia, ambacho mtu aweza kuandika “Nilikwenda, sikugeuza, nikarudi” bila jina lake na bila kuitwa kwa mkubwa, kisha kamati ikisome kila mwezi. Madereva wa ndege katika nchi nyingi wanayo desturi hiyo, na hakuna aliyesema imewafanya wazembe. Wasimamizi nao waitwe katika somo lijalo la utulivu. Wakae nasi, viti vile vile.

Wale wanaotaka kuendelea na zile dakika tatu wanakaribishwa chini ya mti karibu na choo cha zamani, robo saa kabla ya zamu ya asubuhi. Hakuna kiingilio, hakuna kuandikwa jina, na asiyetaka haulizwi. Yule mzee wa gengi amekubali kuwa mshika saa. Ila ameomba jambo moja, nasi tumelikubali: tusiweke mazoezi hayo mwisho wa zamu ya usiku, kwa sababu atalala tena.